Bunduki Zinazopenda Kushoto

Kiwanda chetu kilitengeneza bunduki nzuri sana za kuwindia, mradi mnyama awe na adabu ya kusimama kushoto kidogo. Dada yangu, mkaguzi wa mwisho, alikuwa akizikataa kila siku. Mbao ya kitako iliubana mtutu, na mtutu ukishapata moto, risasi zilikwenda zitakako.

"Bunduki hazina neno. Wateja ndio hawajui kulenga," alisema meneja, ambaye alikuwa mwindaji hodari, angalau kwa mdomo.

"Basi tuonyeshe wewe, bosi," dada akamwambia kwa heshima zote.

Meneja akavua koti, akaelekea uwanja wa majaribio nyuma ya karakana. Tukamfuata kama tunasindikiza bwana harusi. Risasi ya kwanza ilipiga katikati ya shabaha, akatugeukia akitabasamu. Ya pili ilikwaruza ukingo. Ya tatu hatukuiona kabisa, ila tulisikia pumzi ndefu ikitoka kwenye kivuli cha kushoto, meneja alikojichagulia maegesho. Tairi la gari lake jipya lilikuwa linakata roho.

"Pole, bosi," dada alisema. "Labda gari ndilo lililokaa vibaya."

Alasiri hiyo meneja alitangaza kwamba amegundua tatizo. Tukakwangua mbao mpaka karatasi ikapita chini ya mtutu bila kukwama, na bunduki zikanyooka. Makao makuu yakampongeza kwa jicho lake kali. Dada alimpigia makofi kwa nguvu mno, ikabidi nimkanyage mguu.