Samaki wa Birika la Bi Saadiya

Bwana Kariuki alipiga hodi vizuri, hilo namshukuru. Alivua na viatu bila kuambiwa. Ningalijua yatakayofuata, ningalimwomba avivae tena ashike njia yake.

Alikuja na fomu ya kurasa sita na kalamu mbili, moja ya akiba. Duka langu liko kwenye daka la nyumba ya mama mkwe wangu, hapa Mkomani. Ni pale mlangoni, penye baraza mbili za mawe, na humo nimetia meza, friji na kabati la kioo la vitafunio. Nauza juisi ya ukwaju na ya maembe, achari, kaimati na visheti. Kutoka friji mpaka ukuta wa pili ni hatua nne, na mimi si mrefu. Kwa hatua nne hizo serikali ilikuwa na maswali ya kurasa sita.

"Mama, stoo iko wapi?" aliuliza.

"Umeikalia," nilimwambia, kwa sababu alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari.

Wanaonijua watashangaa kwamba niliishia hapo, kwa hiyo nieleze. Mume wangu, Jeilani, alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilipotoka eda, kaka yangu Husni alikuja kutoka Faza kunichukua, na nguo zangu zikaanza kukunjwa. Nikakataa. Nikasema nitafungua duka, nitajilisha mwenyewe, na nitakaa na Bi Saadiya, mama wa marehemu, ambaye hana mtoto mwengine wala mtu wa kumshika mkono akipanda ngazi. Husni alikubali kwa sharti moja: siku duka litakapofungwa, narudi Faza. Huko nitakuwa mgeni wa kudumu jikoni kwa mkewe, mwanamke anayehesabu vijiko baada ya chakula. Na sasa lilikuwa limetoka tangazo kwamba asiye na cheti cha usafi wa chakula kabla ya Mfungo Sita, yaani kabla ya wageni wa Maulidi kumiminika, afunge duka. Kwa hiyo nilikuwa mpole. Nilikuwa mpole hadi taya zikaniuma.

Bwana Kariuki aliuliza kama mhudumu amefunika nywele. Nilimwangalia. Nimefunika nywele tangu nikiwa na miaka tisa. Akaandika ndiyo. Aliuliza kama kuna nafasi ya lori kugeuka mbele ya duka. Njia yetu punda wawili hawapishani. Alifikiri, akaandika kwamba nafasi ipo finyu. Aliuliza kama kuna wanyama ndani ya jengo, na wakati huo paka watatu walikuwa wamelala kwenye baraza, mmoja ameuegemea mkoba wake. Akasema mwenyewe kwamba daka ni nje ya jengo, kwa hiyo paka hawahesabiwi. Nilitaka kumkumbusha kwamba duka analolikagua ndilo hilo daka, lakini nilimeza maneno yangu.

Halafu akauliza maji yanahifadhiwa wapi. Nikaingia mbele yake nikiita hodi, ili Bi Saadiya apate kujitanda, nikampeleka uwani kwenye birika.

Birika letu ni la mawe na chokaa, linafika kiunoni, na lilijengwa na babu yake Jeilani. Maji ya juisi yanatoka kwenye bomba, nayachemsha, na chupa zake alikuwa ameshaziona. Ya birika ni ya udhu na ya kupigia deki. Ndani mna samaki wanne wa ukubwa wa kidole, na chini kabisa limezamishwa bakuli la kauri, ili maji yakipungua wapate pa kujihifadhi. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Nyumba zote za zamani hapa zina samaki wa birika, na Bi Saadiya huwahesabu wake kila alfajiri akitawadha.

Bwana Kariuki aliinama akatazama sana.

"Mama, hawa ni nini?"

"Samaki."

"Wa kuuza?"

"Wa kuishi."

Akaandika: wanyama hai, wanne. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, akaniambia kwamba kwa fomu hii hawezi kunipitisha. Wanyama watoke, naye atarudi baada ya wiki tatu. Bi Saadiya alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, ushungi mpaka kidevuni.

"Mwanangu," alimwambia, "hao hawana kosa na mtu. Ukiwatoa hao, mai haya yatangia mbu."

"Nakuelewa, nyanya," alisema Bwana Kariuki. "Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Basi nikawatoa. Nyumba yetu na ya jirani yangu Ibtihal zimeunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia, na sisi wanawake huvukia humo bila kushuka mtaani. Niliwavusha samaki wanne kwenye sufuria ya uji. Ibtihal aliwapokea kwa heshima zote.

"Kwangu hakuna duka," alisema. "Kwangu hao ni samaki tu."

Bi Saadiya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake alfajiri nilimsikia pale birikani: "Moya..." Kisha akakumbuka, na nikasikia maji tu. Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Niliona haya, na niliona hasira, na hasira ndiyo niliyoamka nayo.

Siku kumi baadaye tulianza kuumwa na mbu. Siku ya kumi na mbili alikuja kijana anayeitwa Chris, wa kampeni ya kupambana na mbu, amevaa kizibao cha kijani na ameshika upawa mweupe wenye mpini mrefu. Hakuwa na habari za duka wala cheti. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kuchota maji. Alichota kwetu mara moja, akahesabu kwa midomo, akatikisa kichwa.

"Aki mathe, hii si poa," alisema. "Thelathini na saba kwa upawa mmoja. Kwani hamko na samaki?"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa birika.

"Nyumba za huku zote ziko na samaki," aliendelea, kwa upole, akidhani sijui. "Tulifundishwa kwa semina. Hiyo ndiyo njia poa kabisa, haina dawa, haina gharama. Sisi hata tunawaambia watu wa bara waige." Akanipa karatasi ya waridi. Ilisema kwamba kwa kuwa nina biashara ya chakula kwenye jengo lenye mazalio ya mbu, nina siku saba za kuyaondoa, kisha duka linafungwa.

Nilivuka wikio na sufuria ya uji. Ibtihal alikuwa amewachanganya na wa kwake na hakuweza kuwatofautisha, kwa hiyo alinipa watano, mmoja wa fidia. Alfajiri Bi Saadiya alihesabu hadi watano, akarudia, kisha akasema kwa sauti ili nisikie kwamba mmoja wao si wetu ila si vibaya, mgeni ni baraka. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa siku nyingi, na nilifurahi kupita kiasi.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Akija Kariuki, samaki wako kwa Ibtihal. Akija Chris, samaki wako kwangu. Nilimweka mpwa wa Ibtihal dirishani atazame njia, na sufuria ikakaa tayari kando ya birika. Sikuwaza kwamba watakuja pamoja. Walikutana mlangoni Jumatano asubuhi, wakasalimiana kwa furaha, kwa sababu kumbe wamepanga ploti moja na hunywa chai hoteli moja. Nikawaingiza uwani wote wawili. Nilikuwa nimechoka.

Wakasimama pande mbili za birika. Samaki watano walikuwa wakizunguka bila wasiwasi.

"Mama, tulikubaliana," alisema Bwana Kariuki.

"Safi sana, mathe," alisema Chris.

Wakatazamana.

Ilichukua muda kidogo kwa kila mmoja kuelewa mwenzake anasema nini. Kariuki akafungua fomu yake ukurasa wa nne. Chris akatoa karatasi ya semina yenye picha ya samaki anayetabasamu. Kariuki akasema usafi wa chakula ni sheria. Chris akasema malaria haisomi sheria. Walianza kuitana "bro", na nilijua mambo yameharibika walipoacha.

"Sikilizeni," nilisema. Upole wangu wote uliniisha hapo, nilikuwa nimeutumia kwa wiki tatu. "Mimi si mkaidi. Mkisema watoke, nawatoa sasa hivi kwa mikono yangu. Mkisema wabaki, wanabaki. Ninachotaka ni sentensi moja. Iandikeni hapa, mtie sahihi nyote wawili, nami nitaifuata mpaka kaburini."

Hakuna aliyechukua kalamu, ingawa walikuwa na tatu baina yao.

Mwishowe Bwana Kariuki alitoka mlangoni kumpigia mkubwa wake. Nilimsikia akieleza, akieleza tena, akitaja neno samaki mara nyingi kuliko mvuvi. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea kwa faraja.

"Suluhisho limepatikana," alisema. "Swali la wanyama wa majini limetokana na swali la birika. Kama jengo halina birika, swali linarukwa."

"Lakini birika lipo," nilisema.

"Lipo, ndiyo. Ila kwa fomu halitakuwepo."

Chris alifikiri. "Kama hakuna birika, hata kwangu hakuna mazalio," alisema taratibu, na wakaanza tena kuitana bro.

Bwana Kariuki aliandika kwa mwandiko mzuri: jengo halina birika. Chris akaandika kwenye karatasi yake ya waridi: jengo halina birika. Kisha wakanipa mimi nithibitishe. Hapakuwa na mahali pengine bapa pa kuandikia, kwa hiyo fomu waliiweka juu ya ukingo wa birika.

Nitasema ukweli. Nilitarajia kukataa. Nilitarajia kuwapa maneno ambayo wangeyasimulia hotelini kwao mwaka mzima. Ukingo ule ulikuwa baridi chini ya kiganja changu. Maji aliyooshewa Jeilani siku ya maziko yake yalitekwa hapo, na nilikuwepo. Nikafikiria Faza, nikafikiria vijiko, nikafikiria Bi Saadiya peke yake na ngazi zile. Nikatia sahihi. Samaki mmoja alikuja juu akarudi chini, na Bwana Kariuki akanikumbusha niandike na nambari ya kitambulisho.

Cheti kilitoka siku tatu kabla ya Mfungo Sita, kina muhuri na kina nembo. Nilikipiga picha nikamtumia Husni. "Mashallah," alijibu, "kaa kwa amani." Nilikitundika juu ya friji. Wageni walikuja kutoka Mombasa na Tana na visiwani, na kwa wiki ile sikupata nafasi ya kukaa. Wakaguzi wawili nao walikuja jioni moja, wakanywa juisi ya ukwaju, wakalipa bila kuombwa. Sitawasema vibaya. Ni watu wema waliopewa karatasi mbaya.

Wageni walipoondoka, Bi Saadiya alitoka mpaka dakani akishika ukuta, akakaa barazani.

"Hebu nisomea hiyo karatasi yako," alisema. "Watu wote wameisifu."

Yeye hasomi herufi hizi, anasoma za Kiarabu. Nikakishusha cheti, nikamsomea jina langu, jina la mtaa, aina ya biashara, mwaka, idadi ya vyumba, mlango mmoja, friji moja, aliyetia sahihi. Nikakirudisha ukutani. Nilikuwa nimesahau kwamba Bi Saadiya alifundisha watoto wa mtaa huu Kurani kwa miaka arobaini. Hakuna msomaji aliyewahi kuruka mstari mbele yake akaachwa.

"Soma na hapo uliporuka," alisema.

Nikasimama nimempa mgongo. Nikasoma: birika, hakuna.

Hakupandisha sauti. Alijitengeneza ushungi, akauliza kama mlango ulioandikwa ni mmoja kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza mwenye kuandika aliingia ndani au aliandikia njiani. Nikasema aliingia ndani.

"Basi karatasi hiyo si ya nyumba hii," alisema, akiinuka na kunipa mkono nimshike. "Ni ya nyumba nyengine. Mwenyewe akiya, mpe."

Bado nimekitundika juu ya friji. Mwenyewe hajaja.