Almasi Kwenye Kopo la Sitara

Azzan na Sitara walichangia fremu moja ya duka Kariakoo. Azzan, sonara, alikaa ndani na mizani yake. Sitara alikaa mbele, akiuza vijiwe vya kioo vya kupambia magauni ya harusi. Wote walifungia mali yao kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa kama bahasha ndogo. Fundi cherehani akirudisha sampuli, Sitara hakuuliza. Aliikunjua karatasi na kuvimimina vijiwe kwenye kopo lake.

Jumamosi hiyo alimimina almasi.

Ilikuwa ya Benjamini, injinia wa mgodi wa almasi Shinyanga, ambaye alasiri alitarajiwa Ilala kumvisha Hyasinta pete ya uchumba mbele ya wazazi wake. Alikuwa amemletea Azzan jiwe hilo, alilolinunua Dubai, alitie kwenye pete, akaiweka karatasi yake kwenye kaunta ya mbele ili apokee simu ya shangazi wa Hyasinta. Alipogeuka, haikuwepo.

Koponi mlikuwa na maelfu ya vijiwe vya ukubwa uleule. Azzan alikuwa na kipimo kinachoitambua almasi kwa jinsi inavyopitisha joto, lakini kipimo hicho hugusa kijiwe kimoja kimoja, kwa hiyo wangemaliza Jumatatu. Sitara alishauri nyundo: kisichovunjika ndicho chenyewe. Azzan alikataa. Almasi haikwaruziki kirahisi, alisema, ila ikigongwa vibaya hupasuka.

"Halafu wewe injinia," Sitara alisema, "unachimba almasi, unaenda kununua Dubai? Mpika pilau anakula kwa jirani?"

Benjamini alieleza, kwa uchungu kidogo, kwamba mawe ghafi huuzwa mnadani kwa mafungu, na mfanyakazi hajichagulii moja. Kutaja kazi kulimkumbusha kazi. Akauliza, "Sitara, una mafuta ya mgando?"

"Ya kujipaka? Saa hizi?"

Kioo hukubali maji. Almasi huyakataa na kung'ang'ania mafuta. Mgodini, mashine za eksirei zikishachambua mawe, meza ya grisi hunasa almasi zilizoponyoka. Walipaka sinia la chai mafuta, wakaliinamisha juu ya ndoo, wakamimina vijiwe pamoja na maji, kidogo kidogo. Vioo viliteleza vyote. Sitara akalalamika kwamba mali yake inaogeshwa bila ruhusa.

Kopo lilipokaribia kuisha, vijiwe viwili vilinasa. Azzan alifuta cha kwanza, akakigusa kwa kipimo. Kimya.

"Hiki plastiki," alisema.

"Ami Azzan, sema taratibu, wateja wasisikie."

Alifuta cha pili, akakigusa. Kipimo kililia.

Benjamini alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka Sitara akamletea maji ya kunywa. Azzan hakucheka. Alilishika jiwe kwa koleo na hakuliachia mpaka kucha zote za pete zilipolibana.

Jioni Benjamini alipiga simu kusema pete imekubaliwa. Shangazi alikuwa ameuliza jiwe limetoka wapi, na Benjamini akaanza kujibu kwa usahihi: lilichimbwa Shinyanga, likauzwa Antwerp, likachongwa Surat kule India, yeye akalinunua Dubai. Katika maelezo yake alikuwa bado hajarudi Tanzania pale Hyasinta alipomgusa kiwiko.

"Sema Kariakoo, Benja. Wazee wana njaa."