Tumbo la Fundi Misumari

Fundi makochi yule walimbandika jina la Misumari kwa sababu hubana misumari midogo midomoni huku nyundo ikigonga, na kwa sababu maneno yake nayo huchoma. Hakuwa mwanamke wa kuonewa. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza yuko wapi fundi mwenyewe, mwanamume. Akaambiwa abebe kochi lake akamtafute.

Ila tumbo lilimwonea. Maumivu yalianzia juu ya kitovu yakapenya hadi mgongoni, kama mtu anayepitisha ile sindano ndefu ya kushonea matakia. Akila, hasa chenye mafuta, ndiyo ameyachokoza. Nafuu aliipata akijikunja tu, magoti kifuani. Akazoea kula kama ndege, akakonda hadi nguo zikawa zinamvaa yeye.

Daktari wa kwanza aliyemwona alitazama majibu ya damu, uso hakuuinua.

"Kongosho lako limeumia. Acha pombe."

"Pombe ipi?"

"Wote husema hivyo, mama."

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekaa pembeni akisikia. Naye kwa hofu yake akamweleza shemeji yake, kaka mkubwa wa Misumari. Kaka akamweleza mkewe, na mkewe hakuwa mtu wa kulala na siri. Jumapili iliyofuata ukoo ukajaa sebuleni kwa kaka, viti vikakosekana, watu wakakalia mikono ya makochi aliyoyatengeneza Misumari mwenyewe.

"Dada'ngu," kaka alianza, kwa sauti ya kusoma hukumu, "mficha maradhi kifo humuumbua. Kiri tu, tujue pa kukushika."

"Nikiri nini?"

"Kwamba unakunywa."

"Hata marehemu shangazi yenu alianza hivihivi," wifi akadakia. "Kujikunjakunja, kukonda, na kuapa hajagusa kitu."

Misumari alihisi damu ikimpanda. Shangazi huyo, dada wa baba yao, ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Alikufa mapema, na hata msibani watu walinong'ona kwamba chupa imemmaliza.

"Nani hapa alimwona shangazi akinywa?" aliuliza.

Wifi akashughulika na mkunjo wa kanga yake.

"Nauliza. Nani alimkuta na glasi mkononi?"

Kaka alikohoa. "Ilijulikana tu."

"Ilijulikana! Mlimzika na jina lisilo lake, na sasa mnataka kunivika mimi. Basi halinienei. Sikiri, na nikifa kesho nitakufa sijakiri."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mumewe alimfuata nyuma akiburuta viatu.

"Miaka yote tunalala kitanda kimoja," Misumari alimwambia bila kugeuka. "Umewahi kuninusa nini?"

Mume alifikiri. "Gundi," akasema.

Misumari alitaka kuendelea kununa, kicheko kikamponyoka, na kicheko nacho kikamuuma. Mumewe akamshika mkono. "Nisamehe. Niliogopa, nikaropoka. Twende hospitali kubwa."

Huko walimpitisha kwenye mashine ya picha. Daktari aliyempokea alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyegeuza kioo cha kompyuta yake ili na wao waone.

"Kabla hujaanza," Misumari alimkata, "mimi sinywi."

"Sijauliza bado," daktari akatabasamu. "Nikiuliza nitakuamini. Pombe huharibu kongosho la wengi, na sigara pia, lakini siyo la wote. Wengine huzaliwa na udhaifu huo. Kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

Misumari alimtazama mumewe, kisha akamweleza daktari habari za shangazi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kumpima marehemu," alisema. "Lakini wala nisingemwita mlevi."

Kisha akaonyesha kwa kidole. Kongosho hutengeneza majimaji ya kusaga chakula, nayo hupita kwenye mfereji mwembamba. Mfereji wa Misumari ulikuwa umeziba kwa vijiwe. Kila akila, majimaji yanaongezeka, njia hakuna, nyuma ya vijiwe kunajaa na kubana. Hilo moja. La pili, nyama yenyewe ya kongosho imevimba na kukakamaa kwa miaka, na uvimbe huo umeifikia mishipa ya fahamu.

"Vijiwe tunaweza kuvivunja na kuvitoa. Lakini nisikudanganye. Mishipa iliyoumizwa muda mrefu huzoea kulia. Huenda ikalia hata pasipo na wa kuipiga."

"Basi italia huku nikifanya kazi," Misumari akajibu. "Toa mawe."

Wakayatoa. Akapewa na vidonge vya kumeza pamoja na chakula. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimaliza sahani yake, akasubiri adhabu, haikuja. Mwili ukaanza kurudi. Halafu asubuhi moja, akivuta kitambaa kwenye kochi la mteja, sindano ile ikapita tena. Haikuwa na makali ya zamani, lakini ilikuwa ni ileile.

Habari zikamfikia wifi kabla ya mchana. "Si tulisema?" akatangaza kwenye simu. "Mawe yametolewa, kinachouma ni nini kama siyo chupa?"

Misumari hakujibu kwa simu. Alitaka kikao kiitwe upya, watu walewale, sebule ileile. Akawaeleza yote aliyoambiwa, mawe, uvimbe na mishipa, na wasioelewa akawarudia. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Aliyetangaza ulevi wetu atangue. Wangu, na wa shangazi."

Kaka alijizungushazungusha. "Kama kuna mtu aliumia kwa maneno yetu…"

"Hapana. Hakuna 'kama'. Anza upya."

Hapo ndipo maumivu yalipomshika. Alijikunja mbele yao wote, paji la uso likikaribia magoti, jasho likimtoka. Mumewe alinyanyuka, Misumari akamzuia kwa kiganja. Kaka alimtazama dada yake, na safari hii sauti ya hukumu ilimkimbia.

"Dada… labda upumzike kwanza?"

"Sijaja kupumzika," Misumari alisema, uso bado chini. "Sema, kaka. Nakusikia."

Naye akasema, bila 'kama'. Alianza na shangazi.