Mkono wa Wanawake

Shekina alirudi likizo kutoka chuo kikuu Lubumbashi akanikuta namenya viazi. Badala ya kunisaidia, akachukua kimoja, kirefu, kimebonyea ubavuni.

"Mama, ona. Kiini ya atome, ingine iko hivi. Urefu, upana, unene, yote tatu haiko sawa."

"Rudisha kiazi yangu. Mi niko na njaa."

Akacheka, akanyoosha vidole vitatu vya mkono wa kuume, kila kimoja na upande wake. Protoni inazungukia huku, akasema, neutroni huku, na kiini chenyewe huku. Kisha akanyoosha vya kushoto. "Hivi pia inawezekana, na nguvu ni karibu ile ile. Ukipima miale yake unapata ngazi mbili, zinapanda pamoja sawa mapasa wa tumbo moja. Lakini kuume haigeuke kushoto, hata uizungushe namna gani."

Eh, mtoto wa baba yake! Tshiamala alifundisha fizikia hapa hapa Kapata, Kolwezi. Mtu wa Kasai. Nimemchukia miaka ishirini, na nimemchukia vizuri.

"Profesa wetu, tata Tshibangu, alituchekesha," Shekina akaendelea. "Ngazi moja aliita ya mukono ya banaume, ingine ya mukono ya banamuke. Yeye ni Muluba wa Kasai. Kwa luga yao, kushoto ni mukono ya banamuke."

Kisu kikasimama mkononi mwangu.

"Kushoto ni nini?"

Mwaka wa tisini na tatu, walipofukuza watu wa Kasai warudi kwao, tulilala gare ya Kolwezi wiki tatu, tukingoja treni. Mimi ni Mulunda wa Sandoa, hakuna aliyenifukuza. Nilimfuata mume, nikiwa na mimba ya huyu Shekina. Treni ilipofika watu wakasukumana, tukatengana. Nikamwona mbali juu ya vichwa vya watu, anapiga kelele: "Laure! Mukono ya banamuke! Mukono ya banamuke!"

Kuume, karibu na depo ya mizigo, wanawake walikuwa wamekaa na watoto wao. Nikaenda nikakaa nao, kama nilivyoambiwa. Treni ikaondoka naye.

Mama yake hakutaka mkwe Mulunda. Basi nikajua: amenitua kama mzigo. Hiyo ndiyo hadithi niliyomlelea mtoto. Sikuolewa tena. Tangu Shekina aende chuo nakula peke yangu katika nyumba hii, sina hata mtu wa kugombana naye, na upweke wenyewe nimeuita heshima.

"Mama," Shekina akasema polepole, "hata Kiswahili yetu inasema kuume. Kuume si upande ya banaume? Basi..."

Hadithi ya gare anaijua.

Kushoto kulikuwa na behewa, mlango wazi. Tshiamala alikuwa ameng'ang'ania mlango huo kwa mkono mmoja, watu wanamsukuma ndani, na mkono wa pili unapunga, unapunga. Nilidhani ananiaga.

"Na ile barua?" Shekina akauliza.

Miaka miwili baadaye ilikuja barua, mwandiko wake. Sikuifungua. Niliitia kwenye mbabula, kwenye makaa, nikapikia maharagwe, na kesho yake nikajisifu soko zima. Wanawake walinipigia makofi.

"Bahasha, mama. Ilitoka muji gani?"

Nikatazama viazi.

"Sikuangalia," nikamwambia. "Mama yangu weee, sikuangalia."