Kifaa cha Tatu

Barua ilimkuta Bi Sindano akiwa na pini nne mdomoni na pindo la joho la wakili mikononi. Wakili mwenyewe, binti mrefu mwenye miwani, alikuwa amesimama juu ya kibao, mikono kaitanua kama nguo zilizoanikwa. Kesho yake alikuwa na kesi, na joho lilikuwa linafagia sakafu.

"Nisomee, mwanangu," Bi Sindano alisema baada ya kuzitema pini kiganjani. "Macho yangu ya leo nimeyamalizia kwenye uzi."

Wakili akasoma palepale juu ya kibao. Barua ilitoka kwa kampuni ya filamu za mtandaoni. Akaunti ya Bi Sindano, ilisema, inatumika kuonyesha filamu kwa wateja wa kinyozi. Asipoeleza ndani ya siku saba ni nani na nani wanaoitumia, watakutana mahakamani.

"Kinyozi gani huyo?"

"Wa kumzaa mwenyewe." Bi Sindano akavuta kiti. "Alisema wateja wakiwa na cha kutazama hawatikisi vichwa. Akaniomba neno la siri, nikampa. Mtoto akija kuomba chumvi, utamwambia asubiri usome mkataba?"

"Chumvi haina mkataba, Bi Sindano. Hii inao. Siku ya kufungua akaunti ulibonyeza 'nakubali'."

"Nilibonyeza kwa sababu ilikataa kunipitisha."

"Wote tunabonyeza hivyo. Lakini imeandikwa ni ya watu wa paa moja. Kumpa wa nje ni kuvunja mkataba. Kuonyesha kwenye biashara ni kubaya zaidi, hapo umegusa haki ya mwenye filamu. Na jina lililoandikwa hapa si la mwanao. Ni lako."

Kinyozi alipopigiwa simu alivuka barabara mbio, mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, akitaka kujua kama ndiyo imetoka hivyo.

"Mama, filamu zinapungua utamu zikitazamwa na wengi?"

"Kamalizie kichwa cha mwenzio, kisha uzime. Wawekee redio."

"Redio hawaitazami, Mama. Watatikisa vichwa."

"Basi uwashike."

Walipoondoka, wakili akaketi, akafungua akaunti kwenye simu ya Bi Sindano na kutafuta orodha ya vifaa vinavyoingia. Cha kwanza kilikuwa simu ile ile. Cha pili, runinga ya kinyozi. Cha tatu kilikuwa simu iliyo mji mwingine kabisa.

"Hii ya nani?"

Bi Sindano hakujua. Hakuwa amempa mtu mwingine neno la siri.

"Basi huyu ni mvamizi," wakili alisema. "Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa kunaweza kuwa jinai. Ukiwaandikia kwamba humjui, watamtafuta. Ukisema ulimruhusu, umejiongezea kosa wewe. Fikiria, nitapita kesho kutwa kuchukua jibu."

Jioni, duka likiwa limefungwa, Bi Sindano alimchunguza mvamizi wake. Alikuwa anatazama tamthilia moja tu, ile ya wakunga wawili, ambayo Bi Sindano mwenyewe aliifuata kila siku baada ya kazi. Akapanda orodha, akashuka. Aliposimama yeye, mvamizi naye alisimama. Miezi mitano, na hakuna siku hata moja aliyompita mbele.

Bi Sindano akaweka simu juu ya cherehani. Alimjua mtu mmoja tu duniani mwenye tabia hiyo. Utotoni walisoma kitabu kimoja, wamelala kifudifudi, na mdogo wake, hata akiwa amemaliza ukurasa, hakufunua mpaka dada amalize.

Yeye na mdogo wake huyo hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mitatu. Waligombania cherehani hiyo hiyo, ya mama yao. Bi Sindano aliibeba kwa sababu ndiye fundi. Mdogo wake aliitaka kwa sababu ilikuwa ya mama, akaambiwa hata kutunga uzi hajui. Hapo ndipo maneno yalipoharibika.

Na neno la siri lilikuwa jibu la kitendawili cha mama yao: ndugu wawili wa nyumba moja, habari wanapata ile ile, kuonana hawajaonana. Kila mgeni alisema macho. Mama akicheka, akiwafinya mabinti zake pale penye jibu. Masikio.

Kesho kutwa yake wakili alikuja na kalamu.

"Andika nilimruhusu," Bi Sindano alisema.

"Ulimruhusu kweli? Mimi siandiki uongo."

"Waliobaki hai wanaolijua jibu lile ni wawili, mimi na mdogo wangu. Nami nililiweka nikilijua hilo. Mtu akiacha ufunguo mahali panapojulikana na mmoja tu, amemfungia nani?"

Wakili akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho jipya. "Mahakamani hilo ningelibishania asubuhi nzima," alisema, akaandika.

Neno la siri likabadilishwa, vifaa viwili vikatolewa. Kisha Bi Sindano akatafuta namba ambayo hakuwahi kuifuta, akaandika kwa kidole kimoja: *Nimebadilisha. Sikupi, sheria inakataza. Imebaki sehemu ya mwisho, sijaitazama. Ni lazima tuwe paa moja. Njoo.*

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Bi Sindano alishona mashati ya shule, na kila mlango ulipolia alijichoma.

Siku ya nne kampuni ilijibu: onyo moja, na jambo limekwisha. Alikuwa bado anamsomea kinyozi jibu hilo kwenye simu aliposikia mtu anakohoa mlangoni.

"Nimeleta sketi ipunguzwe," mdogo wake alisema. Alikuwa amenenepa. Sketi hiyo ilihitaji kuongezwa.

"Ingia, nikupime."

Akaingia, lakini akaenda moja kwa moja kwenye cherehani, akalikanyaga kanyagio taratibu kwa ncha ya kiatu. "Bado linalia."

"Lilikuwa linalia hivyo hivyo kwa mama. Chupa ya mafuta iko droo ya kushoto, litie wewe."

Alitia tone moja, tone la pili, akafuta gurudumu kwa leso yake mwenyewe.

"Nilijaribu kuingia," alisema bila kugeuka. "Nimejaribu majibu ya vitendawili saba."

"Wakili akisikia atakufunga."

"Basi nipe kitendawili chenyewe, nisihangaike."

"Kaa kwanza," Bi Sindano alisema, akisogeza kiti cha pili mbele ya simu. "Jibu hutalipata. Utakuwa unakuja kutazama hapa."