Mwenye Simu Mbili

Lusenge alikuwa na simu mbili, betri ya akiba mfukoni, na kiburi kisichohitaji umeme. Mtaa mzima wa Kimemi, pale Butembo, ulimwita Administrateur, kwa kuwa ndiye aliyesimamia groupe, kundi lao la kupeana habari kwenye simu. Ukitaka kujua bei ya mafuta Kasindi, muulize Lusenge. Ukitaka kujua barabara ya Beni imefungwa wapi leo, muulize Lusenge. Mkewe Joyeuse naye alijivunia jambo hilo, mpaka asubuhi ile.

Asubuhi ile baba mdogo wa Joyeuse, Kakule, alifika nyumbani kwao, akaketi, akazungusha maneno kwanza. Alisema Jonathan, kaka yake Joyeuse, ni mgonjwa. Kisha akasema ni mgonjwa sana. Alipofikia kusema kwamba Jonathan ameuawa shambani kwake nje ya Beni na wale watu wa mapanga, majirani wawili walikuwa wamekwisha kumshika Joyeuse mikono. Ndivyo kwao wanavyopeana habari ya kifo. Hakitupwi, kinakabidhiwa, mikono ya kukipokea ikiwa tayari.

Sasa ilibaki zamu ya mama. Germaine, mama yao, mwenye moyo mgonjwa, alikuwa kwake Beu, mjini Beni, akimngoja mwanawe arudi na mihogo.

"Lusenge, nakuomba," Joyeuse alisema akifunga kitambaa kichwani. "Usitie hii mambo ku groupe. Mama asikie kwanza mu kinywa ya baba mudogo."

"Mais Joyeuse, unaniona mutoto? Simu mimi naijua."

Joyeuse na Kakule wakapanda pikipiki mbili, wakashika njia. Kwenye kizuizi cha Maboya askari mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake picha. Joyeuse alitupa jicho mara moja tu, likamtosha. Shati lile la mistari alilishona yeye mwenyewe. Kwenye picha, juu ya mwili wa kaka yake, yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno "Adieu beau-frère", kwaheri shemeji, na chini yake jina la Lusenge, kubwa kama la mwenye duka.

Administrateur gani huyu, anayetia jina lake juu ya maiti ya shemeji kama mtu anayetia alama gunia la kahawa? Akatamani kumpigia amtukane papo hapo, lakini matusi yangemchelewesha. Picha haina kizuizi wala haivunjiki gurudumu. Akamwambia dereva aongeze mwendo.

Walipofika Beu, jirani mmoja, Ornella, aliwadaka langoni.

"Dada Joyeuse, tuliiona," alinong'ona. "Nimepita mu parcelle zote, nyumba kwa nyumba, nimeomba batu bafunge simu na basilie. Mama hapana jua kitu."

Kweli, wanawake wa ua ule walikuwa wakitwanga sombe, majani ya mihogo, na kucheka kwa nguvu, macho mekundu, ili mwenzao asishtuke. Joyeuse alitaka kuwapigia magoti mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kuwaita Administrateur.

Germaine aliwapokea kwa furaha, akauliza watoto wa Butembo wameamkaje. Kakule akaketi, kofia magotini.

"Mama Joyeuse, tunakuja juu ya Jonathan. Iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini?"

Ornella na wenzake wakaanza kuingia taratibu, na Joyeuse akasogea karibu na bega la mama yake.

Hapo simu iliyokuwa mezani ikawaka. Ilikuwa simu ya zamani ya Lusenge. Alimpa mama mkwe, na kwa ujuzi wake akaipanga ijipokee yenyewe, sauti ikitoka nje, eti mama asisumbuke kubonyeza. Kabla mkono wa mtu haujafika, simu ilikuwa imekwisha kufungua mdomo.

"Mama, pole sana! Naona simu ya Joyeuse ku carte, ameisha fika kwako, donc bameisha kukuambia. Jikaze, mama! Picha ya Jonathan inatembea mpaka Ulaya, dunia yote inamulilia!"

Joyeuse aliinyakua ile simu kwa mikono miwili.

"Lusenge! Mutu bila haya! Simu unaijua, batu hapana! Mama yangu huyu, Lusenge! Mama yangu!"

Alikuwa akikipigia kelele kioo, hajui pa kukatia simu. Ornella akaichukua, akaizima.

Germaine alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Machozi yalimshuka bila sauti, kifua kikipanda na kushuka, na kila mtu chumbani alikihesabia pumzi. Mwishowe akamgeukia Kakule.

"Shemeki, anza tena."

"Mama Joyeuse, umeisha sikia..."

"Hapana. Ile ni simu ilisema. Mutoto wangu hapana mutu wa kutupiwa mu meza. Anza tena, uniambie muzuri."

Kakule alifuta uso kwa kofia, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama Joyeuse," alisema, "tunakuja juu ya Jonathan. Iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini?" aliuliza Germaine, na akanyoosha mikono yake yote miwili wamshike.