Kadi Moja, Kamera Mbili

Nyakio alitaka picha moja tu ya baba yake akicheka, na alitaka kuipata kabla ya Jumatatu.

Jumatatu baba huyo, Mzee Muchiri, angelazwa hospitalini Eldoret, na madaktari wangemtoa taya la chini pamoja na uvimbe uliokuwa umelishika. Walieleza vizuri, bila kuficha. Angeishi, kwa muda. Angekula kwa mrija. Kuongea kungekuwa shida. Kuhusu kucheka hawakusema kitu, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Nyakio alikuwa na swali hilo mdomoni pale ofisini kwa daktari, akaliona dogo mno mbele ya koti jeupe, akalimeza.

Picha za mzee zilikuwepo nyumbani Chepsaita, katika chumba cha nyuma ya duka lake. Ya harusi ilikuwepo, na ya ubatizo wa Nyakio, na ya siku ya mkutano wa wakulima. Katika zote alisimama vilevile: mikono imenyooka ubavuni, midomo imefungwa, macho yanaangalia mbele kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kwa wanaume wa rika lake picha ilikuwa jambo la kitambulisho au la matanga, na hakuna mahali pa kucheka katika hayo mawili. Mtu asiyemjua angeziangalia na kusema huyu alikuwa mzee mkali. Lakini wateja walijua kicheko chake kutoka barabarani. Kilianza tumboni, kikapanda, kikamfunga macho, na mwishowe mdomo ukafunguka wote na lile pengo la jino la mbele likaonekana.

Nyakio alikuwa amemaliza chuo, akakosa kazi ya gazeti, akaanza kumsaidia Edwin, rafiki yake wa darasani, kupiga picha za harusi na mazishi. Hakuona aibu kwa kazi hiyo. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba picha moja ya kweli inaweza kumshika mtu asipotee.

Jumamosi alienda kwa Edwin, katika chumba chake cha kupanga mtaani Huruma, kuazima kamera.

"Beba hii mirrorless," Edwin alisema, akiitoa kamera kubwa kwenye begi kama anatoa mtoto mchanga. "Si ya matajiri, ni ya kuanzia tu. Lakini jicho lake la ndani ni kubwa. Hata duka la mzee likiwa giza, itaona."

"Na hii yangu?" Nyakio alitoa kamera yake ndogo mfukoni mwa sweta. Aliinunua akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Ukiiwasha, lenzi ilichomoza polepole kama kichwa cha kobe.

"Hiyo kiberiti? Hiyo ni ya jua la saa sita na watoto wa Sunday school. Ukiikuza picha yake ukutani, itatoka uji."

"Lakini inaingia mfukoni. Watu hawaiogopi."

"Hawaiogopi kwa sababu hawaiheshimu, mamaa. Mtu akiona hii kubwa, anajua ni kazi."

"Hilo ndilo naogopa."

Edwin alicheka. "Basi beba zote mbili, mpige na hii na hii, halafu uniletee tuone nani mkubwa. Shida ni kadi za memori. Zangu zote ziko na harusi kesho."

"Nitatumia ile yangu moja."

"Sawa. Sheria unajua."

"Kadi ikiingia kamera ingine, fomati kwanza."

Edwin alimfunza sheria hiyo siku ya mazishi fulani Kimumu, pale kadi iliyojaa vitu vya kamera nyingine ilipogoma kuandika huku jeneza likiteremshwa. Familia haikuwaita tena. Tangu hapo Nyakio alifuta kila kadi kabla ya kuanza, mpaka vidole vyake vikaijua njia hiyo bila kuuliza kichwa.

Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye gunia la mahindi ndani ya duka, kamera ndogo imefichwa kiganjani. Mirrorless ilikuwa bado kwenye begi, chini ya kaunta. Mama yake, Waiyego, alikuwa jikoni akiponda viazi mpaka viwe laini, kwa kuwa baba hakuweza tena kutafuna.

Mzee Kipyego aliingia akipiga viatu vya mpira mlangoni kutoa matope. Alikuwa jirani, mfugaji wa ng'ombe, na alikuwa amegombana na Muchiri kwa furaha tangu wote wawili wakiwa vijana.

"Nasikia kesho wanakutoa taya," alisema.

"Ndiyo."

"Afadhali. Sisi wateja tutapumzika kelele."

"Wewe kwanza unilipe shati langu," alisema Muchiri. Maneno yalitoka mazito, upande mmoja wa uso umevimba. "Ng'ombe yako ilikula shati langu la kanisa kwa kamba ya kuanikia nguo. Sijasahau."

"Hiyo shati nilishalipa."

"Lini?"

"Jioni ya siku hiyohiyo. Si ulinunua maziwa kwangu? Maziwa ya ng'ombe gani, unafikiri? Ulikunywa shati yako, Muchiri. Ulikunywa mpaka kola!"

Muchiri alishika kaunta. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, macho yakajifumba, mdomo ukafunguka wote, na lile pengo likaonekana. Nyakio aliinua kiganja, akabonyeza. Kamera ilitoa sauti ndogo kama mtu anayekata kucha. Hakuna aliyegeuka.

Alitazama kioo cha nyuma. Picha ilikuwepo. Pembeni kulikuwa na giza, na ukiivuta karibu, ngozi ilikuwa na chembechembe kama unga wa mahindi. Lakini alikuwa yeye, baba yake mzima, akicheka ndani ya duka lake. Nyakio alihisi machozi yanakuja, akayafuta kwa mkono wa sweta.

Alipaswa kuishia hapo. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini alikumbuka maneno ya Edwin kuhusu uji na ukuta, akafikiri: kama hii ndogo imetoa hivi, ile kubwa itatoa nini? Mwanga wa dirisha ulikuwa bado mzuri, na Kipyego alikuwa bado anaongea. Aliinama chini ya kaunta, akachomoa kadi kwenye kamera ndogo, akaitia kwenye ile kubwa, na vidole vyake vikafanya kazi yao. Menyu. Fomati. Ndiyo. Kichwa chake kilikuwa kinawaza kuhusu dirisha.

Alipoinuka, Muchiri aliiona kamera, na uso ukabadilika.

"Aa, maitu," alisema. Alimwita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu Nyakio alibeba jina la mama mzazi wa Muchiri. "Hiyo ni kamera ya kazi. Ngoja nivae koti."

"Baba, hapana, kaa tu hivyo. Ongea na Mzee Kipyego."

"Nikae na fulana kama mwizi?"

Alienda chumbani, akarudi na koti la kijivu, amefunga vifungo vyote. Akasimama mbele ya rafu za sabuni, mikono ubavuni, midomo imefungwa.

"Cheka kidogo, Baba."

"Nikicheka watasema nilikuwa mlevi."

"Nani watasema?"

"Wale wataangalia," alijibu, na Kipyego akaangalia viatu vyake.

Nyakio alipiga picha moja, mbili, nyingi, akitumaini kwamba kati ya pumzi na pumzi kitu kitalegea. Hakikulegea. Kila picha ilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuhesabu ndevu, ungeweza kuona uzi uliolegea kwenye kola. Na katika kila moja alisimama yule mzee mkali wa kitambulisho.

"Hakuna neno," alijiambia. "Ile nyingine ninayo."

Jioni alirudisha kadi kwenye kamera ndogo ili amwonyeshe mama yake. Kobe akatoa kichwa. Kioo kikaandika kwamba hakuna picha. Alizima, akawasha. Akachomoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Waiyego alikuwa amesimama na sufuria mkononi, akisubiri, na aliona uso wa binti yake ukikauka.

"Imeharibika?"

"Nimeifuta," Nyakio alisema. "Mimi mwenyewe, Mama. Nimeifuta."

Alienda kupiga magoti kando ya kitanda cha baba yake. Kile kicheko cha mchana kilikuwa kimemwachia Muchiri maumivu, na kitambaa alichokishika mdomoni kilikuwa na damu.

"Baba, cheka tena. Mara moja tu."

"Nicheke nini, maitu?"

"Shati. Ulikunywa shati mpaka kola."

Alimtazama binti yake, akaona kamera mkononi mwake, akajaribu kumsaidia. Alifungua mdomo na kuonyesha meno, kama mtu anavyofanya mbele ya daktari. Nyakio alishusha kamera bila kubonyeza. Asubuhi walitoka kabla jua halijachomoza.

Siku ya upasuaji ndiyo siku Nyakio alipomrudishia Edwin kamera yake na kumweleza. Edwin alitia kadi kwenye kompyuta, akaendesha programu ya kufufua picha, wakakaa wakitazama mstari ukijaa polepole.

"Ungeacha bila kupiga zingine juu yake, ningetoa yote," alisema hatimaye. "Hizi za mirrorless ni nzito. Zimeikalia."

Kilichotoka kilikuwa nusu ya picha. Juu kulikuwa na rafu, paji la uso, na yale macho yaliyofungwa kwa kicheko, mikunjo yake yote ipo. Chini ya pua palikuwa kijivu kitupu mpaka mwisho.

Edwin aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Ile sheria nilikufunza mimi," alisema.

"Ni sheria nzuri," Nyakio alijibu.

Waliporuhusiwa kumwona, Muchiri alikuwa amefungwa bandeji kutoka chini ya macho hadi kifuani, na mrija umepita puani. Kipyego alikuja nao. Alikaa kando ya kitanda, kofia mkononi, akaangalia huku na huku, kisha akajaribu.

"Muchiri. Ile ng'ombe imezaa. Ndama nimeiita Shati."

Nyakio alitazama macho ya baba yake. Aliyajua sasa, yale macho, kuliko alivyowahi kuyajua, kwa sababu ndiyo tu yaliyokuwa yamebaki katika ile picha. Alisubiri mikunjo ije. Mzee alimwangalia Kipyego kwa muda mrefu, kwa upole, akafumba macho, akafumbua. Haikuja. Kipyego aligeukia dirisha na kuanza kusema kuhusu mvua.

Kisha Muchiri aliinua kidole, akaelekeza mfuko wa sweta la Nyakio.

"Kamera?" aliuliza Nyakio. "Unataka nikupige?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nyakio aliitoa ile ndogo, ikachomoza lenzi, na moyo wake ukapiga mara moja kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa bado kijana na alikuwa bado anatumaini. Lakini Muchiri alikuwa ameshaanza kujiinua. Waiyego alimwekea mto mgongoni. Akaonyesha shingo, na Waiyego akamfunga kamba ya gauni la hospitali hadi juu. Mzee akanyoosha mikono ubavuni, juu ya blanketi, akaangalia mbele.

"Baba, ni hii ndogo tu," Nyakio alisema. "Si ile kubwa. Ni hii ya mfukoni."

Mzee hakusogea. Aliendelea kuangalia moja kwa moja ndani ya lenzi, akisubiri, mpaka Nyakio akabonyeza.